Matembezi ya Lwiro: nililipa dola 20 kwenda kuangalia kuta

Nimejenga nyumba za watu hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, kwa miaka 26, na sikuwahi kudhani iko siku nitatoa dola mfukoni kwenda kuangalia kuta za mtu mwingine. Binti yangu ndiye chanzo. Yuko mwaka wa pili wa biolojia, na tangu Pasaka wimbo wake ulikuwa mmoja: "Papa, twende Lwiro." Lwiro ni kituo cha utafiti kilichojengwa na Wabelgiji kule mlimani, na kina hifadhi ya sokwe. Yeye alitaka sokwe. Mimi nilikubali kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia. Marehemu baba, naye alikuwa masoni, yaani fundi wa kuta, alizoea kusema ukitaka kujua kama mtu ni fundi kweli, mpeleke Lwiro umuulize anaona nini. Mzee alifika huko mara mbili. Mimi na miaka yangu yote ya mwiko sikuwa nimefika, na wenzangu wakiitaja nilikuwa naitikia tu, kama mtu aliyefika.

Kijana anayepanga matembezi tulimpata kwa WhatsApp. Dola 20 kwa kila mtu: gari la kwenda na kurudi, kiongozi wa njia, chakula cha mchana. Kiingilio cha kuona sokwe ni juu yako mwenyewe. Jina la kijana sitaliandika. Mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini.

Tuliambiwa tuwe Nyawera, hapa mjini, saa kumi na mbili na nusu. Gari lilikuja saa mbili kasoro. Tukabanana watu 11 ndani ya Hiace pamoja na masufuria ya chakula. Barabara mnaijua: Mudaka, Miti, Kavumu, na lile vumbi la mwezi wa saba linaloingia hata vioo vikifungwa. Sina la kuongeza hapo.

Sifa ya kwanza naitoa kwa njia waliyoichagua. Wengi wanaokwenda Lwiro wanapelekwa na gari hadi mlangoni, wanapiga picha, wanageuza. Ni kama kilomita 45 tu kutoka mjini, mtu anaweza kurudi kula nyumbani. Sisi tulishushwa mbele ya Kavumu, tukaiacha barabara kubwa, tukakata mkono wa kushoto na kupanda kwa miguu kwa saa mbili na kidogo, kati ya migomba, kahawa na kinkina, ule mti ambao gome lake linatoa kinini. Ukigeuka nyuma unaliona ziwa, na Idjwi imelala katikati. Mbele yako ni mlima Kahuzi, mita 3,308, na asubuhi ile ulikuwa umejifunika wingu kichwani kama mama anayetoka misa. Njia si ngumu. Sisi tulikuwa tumevaa viatu vya michezo na kofia. Mama mmoja mwenye mzigo wa mihogo, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, alitupita kama tumesimama. "Asinge," akasema, hakupunguza mwendo.

Katikati ya njia kuna kitu ambacho hakimo kwenye tangazo lao, na kwangu mimi ndicho kilipaswa kuwekwa juu kabisa. Ni nyumba ya mkoloni mmoja wa mashamba, au tuseme mabaki yake. Kiongozi alitaka tupite tu. Mimi nikasimama, na binti yangu alipoona nimevua kofia akatafuta jiwe la kukalia.

Paa hakuna. Mbao za paa hakuna. Milango na fremu zake zilikwenda zamani. Zimebaki kuta za matofali ya kuchoma, ya ule ukubwa wa zamani unaojaza mkono, na jiko la moto la sebuleni limesimama zima na bomba lake la moshi. Ndani ya jiko alilala mbuzi. Niliingiza kidole kati ya matofali mawili kwenye ukuta wa upande wa mlima: mchanga ukamwagika kama unga. Nikaenda upande wa pili, chini ya kipande cha dari ya zege kilichobaki kama kofia juu ya korido, nikajaribu tena. Pagumu, hata ukucha haupiti. Ni nyumba moja, mchanganyiko mmoja, pengine hata fundi mmoja. Tofauti ni kwamba upande mmoja umenyeshewa kwa miaka na mwingine umekingwa. Nilimwita binti aje aguse mwenyewe. Watu wanadhani nyumba inakufa kwa ukuta kuanguka. Nyumba inafia juu. Siku mtu anabandua manjanja ya kwanza, yaani bati la paa, ukuta bado haujui, lakini hesabu imeshaanza. Mengine yanafuata yenyewe: hapa mtini wa porini umeota juu ya kona, mzizi wake umeshuka ndani ya ukuta kama mkono unaotafuta kitu mfukoni, na kona imefunguka kutoka juu hadi chini. Unaweza kuona ziwa kupitia ufa.

Kwenye baraza, mama wa umri wa dada yangu mkubwa alikuwa ameanika mihogo. Sakafu ya baraza lile, nyekundu, iliyosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ikang'aa, haina ufa hata mmoja, nami siku hizi nikipiga sakafu ya namna hiyo mwenye nyumba ananipigia simu baada ya miezi miwili. Mama aliponiona nagusagusa kuta akaniuliza kama nataka kununua.

"Hapana mama, mimi ni masoni tu."

"Basi tengeneza," akasema, akacheka sana.

Baba mkwe wake alikuwa mpishi katika nyumba hiyo. Mzungu akaondoka, akaja bwana mmoja kutoka mbali na karatasi mkononi, akavuna msimu mmoja, naye akaondoka; manjanja yakamfuata. Hakutaja mwaka, na hakuwa na haja. Kila mtu wa umri wangu huku Kivu anaijua tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza zairianizasio, na mashamba na maduka ya wageni yakagawiwa kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika jembe wala daftari la hesabu. Kiongozi wetu hakuwa na la kuongeza. Alisema "hii ni ya kikoloni" akaangalia saa. Kijana wangu, huku nusu ya kilichosimama ni cha kikoloni. Ukichukua pesa ya mtu, sema zaidi kidogo.

Nina mpwa anayeishi Liège. Jumapili anatembea msituni hadi kwenye ngome zilizobomoka, na analipa euro ili aingie. Moja aliyotutumia picha zake ni Bouillon, juu ya mwamba, mto Semois umeuzunguka. Mwenye ngome, Godefroid, aliiuza kwa askofu wa Liège ili apate pesa ya kwenda vita vya msalaba. Aliingia Yerusalemu mwaka 1099, akafa mwaka uliofuata, nyumba yake hakuiona tena. Leo watu wanapanga mstari mlangoni. Nilimfikiria mama wa mihogo: angeweka meza ndogo pale barazani, faranga 1,000 kwa kila anayeingia kuona mbuzi ndani ya jiko la mzungu, na angenipata mimi mteja wa kwanza.

Lwiro yenyewe inakushtua. Unatoka kwenye migomba, unapita geti, na mara unakanyaga majani yaliyokatwa sawasawa. Mahali hapa palijengwa kwa ajili ya IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi ya Afrika ya Kati ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1947. Matawi mengine yalikuwa Uvira, Astrida kule Rwanda, hata Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, lakini kichwa kilikuwa hapa. Sasa inaitwa CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi za asili. Si ngome ya vita, hakuna tundu la kurushia mishale. Lakini kuta zile ndefu, matao yanayofuatana, vigae vinavyopandana paa juu ya paa, ua ndani ya ua, vyote vimewekwa mlimani peke yake, mbali na mji: binti yangu alisema "Papa, ni ngome hii," nami sikumbishia.

Nikafanya nililokuja kufanya. Nilivua kamba ya kiatu, nikafunga funguo za nyumba kwenye ncha yake, nikaining'iniza kando ya nguzo ya baraza. Timazi ya maskini, ya kujua kama nguzo imesimama wima. Binti akaenda kusimama mbali kama mtu asiyenijua. Nilisubiri funguo zitulie, nikapima nafasi kati ya kamba na nguzo kwa kidole: juu kidole kimoja, katikati kidole kimoja, chini kidole kimoja. Nikahamia nguzo ya tatu. Vilevile. Ya saba vilevile. Nilipoinuka nikakuta mzee mmoja ameegemea fagio lake, ananitazama.

"Umepata kosa?"

"Bado, mzee."

"Endelea kutafuta. Ukipata, uniite na mimi nione."

Kuanzia hapo niliwaacha wenzangu waende na kiongozi, mimi nikabaki na mzee. Kama kuna kitu cha kulipia dola 20, ni yeye, naye hakuwa kwenye bei. Alinionyesha jinsi pembe za jengo zilivyofungwa, tofali la ukuta huu limeuma ukuta ule, mstari kwa mstari, hakuna mahali viungo viwili vimesimama kimoja juu ya kingine. Alinionyesha jinsi uzito wa tao unavyoshuka pembeni hadi kwenye nguzo. Hayo nayajua, ndiyo kazi yangu, lakini kuyaona yamefanywa bila uvivu kwa urefu wote huo ni jambo jingine. Kisha akanionyesha ngazi yake. Ni ngazi ya mbao, kipawa cha nne kimefungwa kwa waya. Kila baada ya mvua kubwa, akasema, anapanda na ngazi hiyo kutoa majani kwenye mifereji ya paa ya upande wake.

"Nani amekutuma?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza nani amemtuma kuoga.

Nikamuuliza habari za matetemeko, maana hiyo ndiyo mtihani wa fundi katika nchi yetu. Mwaka 2002 tulikuwa na volkano ya Nyiragongo mwezi wa kwanza, Goma ikaungua. Halafu tarehe 24 Oktoba ardhi ikatikisika Kalehe, kipimo 6.2, na kutoka Lwiro Kalehe si mbali. Mzee alisema alikimbilia kwenye majani, na vigae juu yake vililia kama sahani kabatini, kisha vikanyamaza. Na lile la tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, sisi wa mjini hatulisahau. Mimi nilikuwa nanyoa ndevu. Baada ya siku ile nilipata kazi nyingi mpaka nikanunua kiwanja, jambo ambalo sijivunii, lakini lilinifundisha kwa nini nyumba zetu zinapasuka: mchanga wenye udongo, simenti ya kuhesabu kwa kijiko, hakuna mkanda wa zege juu ya kuta, na nyumba yenyewe imening'inia mlimani kama nguo kambani. Pale Lwiro nilitafuta nyufa kwa nusu saa nzima. Niliona nyuzi mbili tatu nyembamba juu ya madirisha, zilizozibwa zamani na mtu mwenye mkono mzuri. Nyingine sikuona. Na si kwamba hawajui habari za matetemeko. Kazi mojawapo ya pale tangu zamani ni kuyapima, na wataalamu wa volkano wa Goma wana mizizi yao pale.

Maktaba msiikose. Kiongozi alitupa dakika tano, kama choo cha njiani. Rafu za mbao nyeusi, vitabu vimejipanga migongo nje, na madroo madogo ya kadi, kila kadi imeandikwa kwa mashine ya taipu. Harufu ni ya karatasi kuukuu na mbao zilizopakwa nta. Binti yangu, ambaye nyumbani hawezi kukaa dakika kumi bila simu, alivuta droo moja na kusimama hapo. Alikuwa amepata kadi juu ya samaki wa ziwa Tanganyika, halafu nyingine, halafu nyingine. Aliyekuwa zamu, mtu mpole wa miwani, alimletea kiti bila kuombwa. Kiongozi akaita mara mbili kutoka nje. Nikamwambia watangulie, tutawafuata. Kuna pia chumba cha wanyama waliohifadhiwa, nyoka na samaki ndani ya chupa. Mimi nyoka hata akiwa kwenye chupa sina maneno naye, nilipita haraka.

Sokwe, basi. Hifadhi yao ilianzishwa mwaka 2002 na wapo zaidi ya mia moja, wengi ni yatima ambao mama zao waliuawa kwa ajili ya nyama na wao wakauzwa wakiwa wadogo. Wanatunzwa vizuri, wahudumu wanawajua mmoja mmoja kwa majina. Binti yangu alifurahi mpaka machozi. Mmoja mkubwa alikaa peke yake amekunja mikono, akatuangalia kwa namna ambayo mwenye nyumba hunitazama nikichelewa kazini. Usiende na chakula mkononi, usiende na mafua, maana mafua yetu wao huyapata. Zaidi ya hapo muulizeni binti.

Chakula cha mchana: bugali, sambaza za kukaanga (vile visamaki vya ziwa), lengalenga, yaani mchicha. Vilipoa kwa sababu ya kupikwa mjini asubuhi, lakini sambaza zilikuwa mpya na hazikuhesabiwa kwa kila mtu, kila mmoja alichukua alivyotaka. Ushauri wangu kwa mwandaaji: wape kazi hiyo akina mama wa kijijini pale pale. Chakula kitakuwa cha moto, na pesa kidogo itabaki mlimani.

Sasa gari. Lilipaswa kuwa getini saa kumi. Saa kumi na nusu halipo. Saa kumi na moja halipo, na simu ya mwandaaji inasema haipatikani. Baadaye tulisikia kwamba dereva, alipotushusha asubuhi, aliona bora atafute abiria wa Katana kuliko kulala bure, na kwenye safari ya pili pampu ikamfia. Kiongozi, maskini, hakuwa na pesa wala maneno. Tukagawanyika kwenye pikipiki hadi Kavumu, faranga 5,000 kwa kila mtu, mimi na binti 10,000, na hapo nashukuru kwamba nilibeba noti za faranga, kwa sababu dola yangu ya 20 ilikuwa na mchaniko mdogo pembeni na mwendesha pikipiki aliirudisha kabla hata hajaikunjua. Kavumu tukapata basi dogo. Nyumbani tuliingia saa mbili usiku, tumekuwa weupe kama watu waliotoka kwenye kinu cha unga, na mke wangu alinisalimia kwa namna ambayo siandiki hapa.

Kwa atakayekwenda: nenda kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, ikinyesha njia ile ya migomba inakuwa sabuni. Siku yenyewe ulizia kwanza hali ya barabara. Beba maji yako. Kiingilio lipia ofisini, chukua risiti. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ndani. Panda kwa miguu, usikubali kupelekwa na gari, la sivyo utaikosa nyumba isiyo na paa, na ukiikosa hiyo hutaelewa ile yenye paa. Na ukimwona mzee mwenye fagio upande wa matao, msalimie, mwambie masoni wa Kadutu bado anatafuta kosa.

Nyota nne kati ya tano. Lwiro peke yake ningeipa tano, nyumba ya mbuzi tano, gari sifuri.

Mwandaaji alinipigia Jumatatu. "Mukubwa, samahani sana, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapanda tena, nitakupunguzia." Binti alikuwa ameshasikia, tayari ananivuta shati, kuna droo za kadi hakuzimaliza. Nimemjibu kijana kwamba tutakuja, na kwamba faranga zangu 10,000 za pikipiki azishike mkononi pale Nyawera, nizihesabu kabla sijaweka mguu ndani ya gari.